Nilikuwa Nimesimama

Tik.

Ni sauti ya kalamu ya mkufunzi wetu. Ilikuwa moja ya zile kalamu nene zenye rangi nne, ukitaka rangi unasukuma kitufe chake mpaka kilie. Darasa zima lilikuwa linacheka, miguu inapiga sakafu, kuna mtu nyuma anapiga mluzi, na katika makelele yote yale mimi niliisikia ile tik kama vile imelia ndani ya sikio langu. Sikuona alisukuma rangi gani. Nilikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa nyekundu.

Walikuwa wanacheka maneno yangu. Mkufunzi alikuwa anaita mahudhurio. Alipofika kwenye jina la rafiki yangu aliita mara mbili, kimya. Akainua uso akanitafuta, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa CR, mwakilishi wa darasa.

"CR, huyu binti wiki nzima simuoni. Yuko wapi?"

Nikasimama. Nikanyoosha sketi kwanza, maana siku hizo nilikuwa najipenda kweli.

"Mwalimu, huyo usimsubiri. Ameshaolewa kwao Mtinko. Ng'ombe wamefika tangu juzi, saa hizi anasonga ugali wa wakwe."

Ndipo wakacheka. Na ndipo kalamu ikalia.

Mtu wa mbali anaweza kujiuliza kichekesho kiko wapi. Rafiki yangu ni Mnyaturu, mimi ni Mnyiramba, na tulikuwa watani tangu wiki ya kwanza ya chuo. Yeye ndiye alianza. Nilikuwa nanakili kitu kutoka ubaoni, akachungulia daftari langu, akaita wenzake, "Njooni muone, Wanyiramba wanakula mlenda mpaka kalamu inawateleza." Nikamwambia Mnyaturu hawezi kumsema mwenzake kwa mlenda wakati mdomo wake mwenyewe bado unavutika. Basi ikawa hivyo kila siku. Akichelewa, nasema alibaki nyumbani kumlilia kuku aliyechinjwa. Nikikosa swali, anasema nipakiwe kwenye lori la vitunguu nirudishwe kwetu Iramba. Darasa lilizoea kutusikiliza kama watu wanavyosikiliza redio, na tukinyamaza walikuwa wanauliza betri zimeisha au vipi.

Hata uongozi alinipa yeye. Kozi yetu ni ya maendeleo ya jamii, ngazi ya cheti, na muhula ule tulikuwa na somo la uongozi. Walitaka kila mmoja atoke pale akiwa ameshaongoza kitu mbele ya wenzake, na anapewa alama. Mmoja alipewa usafi, mwingine mdahalo, mwingine michezo. Ilipofika nafasi ya CR, yeye akanyoosha mkono. "Nampendekeza huyu Mnyiramba. Ana kelele, lakini moyo anao." Wakapiga makofi, nikapita.

Jamani, nilifurahi. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni ya kukunja na kuweka chini ya sanduku, sikuwahi hata kuwa kiranja wa kuwasha jiko. Lakini ndoto nilikuwa nazo. Nilishajiona diwani, nilishajiona nakata utepe wa kisima. Chumba nilipanga mtaa wa Mandewa, kina kioo kidogo kwenye msumari, na kila asubuhi nilisimama mbele yake nikihutubia. Mama mwenye nyumba akawa ananiuliza kupitia ukutani, "Mwanangu, unaongea na nani?" Namjibu, "Na wananchi, mama." Anasema, "Haya, waambie maji yamekatika."

Mkufunzi wa somo hilo alikuwa mtu wa taratibu, hapigi kelele. Somo la kwanza kabisa alituambia kitu ambacho tulikifanya mchezo. Alisema kiongozi akikaa ni mwenzenu tu, anaweza kusema lolote. Akisimama, anachosema ni neno la darasa, na mimi nitaliandika. Siku hiyo hiyo kwa mama ntilie, mtu akisema ameshiba tunamuuliza, "Umesema umekaa au umesimama?" Tunacheka mpaka chai inamwagika.

Sasa nieleze kuhusu simu, kwa sababu bila simu hiyo mtu atafikiri nilikuwa na roho mbaya.

Ilikuwa Jumapili, nimetoka kanisani, nafua. Alikuwa amekwenda kwao Ijumaa ya wiki iliyotangulia kuchukua unga na hakurudi. Nikapokea kwa mkono wenye povu.

"Mtani."

"Mnyaturu wewe! Umetupwa wapi?"

Akasema mama yake alianguka shambani. Upande mmoja wa mwili umekataa. Kaka zake wako mbali, baba peke yake hawezi, na mama anageuzwa kama mtoto, anapanguswa kama mtoto. "Sijui nitarudi lini. Niombee ruhusa. Niandikie barua wewe, upeleke ofisi ya taaluma. Mwandiko wako unateleza, ila unasomeka."

Nikasema kesho asubuhi itakuwa ofisini. Nikamuuliza wenzetu niwaambie nini.

"Usiwaambie. Wataanza kunipigia simu za pole, nitalia mbele ya mama." Kisha akajaribu kucheka. "Waambie nimeolewa."

Hayo ndiyo maneno. Yalikuwa ya kwake. Mimi niliyachukua nikayaongezea ng'ombe na wakwe, nikayasema nikiwa nimesimama, nikaona nimemtunzia siri yake vizuri kweli.

Barua niliianza jioni ile ile ya simu. Nikaandika anuani, nikaandika YAH: MAOMBI YA RUHUSA, nikapiga mstari kwa rula. Nikafika kwenye sababu nikakwama. Sikujua kama inafaa kutaja ugonjwa wa mama wa mtu kwenye karatasi. Nikasema nitamuuliza kesho. Na kesho yake ndiyo ile siku ya kucheka, na baada ya kipindi tukatangaziwa kwamba kuna mgeni anakuja chuoni kutoka halmashauri, na risala ya wanachuo itasomwa na CR wa darasa letu.

Mimi nisome risala!

Niliiandika mara nane. Niliisoma mbele ya kioo, niliisoma nikitembea kando ya ziwa Singidani, upepo unanipeperushia karatasi nazikimbiza. Nilitafuta neno zuri la kumalizia siku mbili nzima. Barua ya rafiki yangu ilikuwa kwenye daftari lile lile, kurasa chache nyuma ya risala, ina kichwa cha habari na mstari wa rula. Kila nilipofungua niliiona. Kila nilipoiona nilisema kesho.

Akanitumia ujumbe, "Mtani, walikubali?"

Nikamjibu, "Usijali, iko ofisini."

Sijui kwa nini niliandika hivyo. Nilitaka asiwe na wasiwasi, alikuwa na mengi. Nilijiambia nikimjibu hivyo leo, kesho nitaipeleka na itakuwa kweli. Mgeni mwenyewe alikuja siku nne baadaye, akachelewa, risala ikafupishwa nikasoma nusu. Lile neno zuri la mwisho halikusomwa. Na wiki nyingine ikapita hivyo hivyo, ya pili nayo ikaanza, na mimi bado CR, naita watu kwenye usafi, napatanisha watu waliogombania viti, nasifiwa.

Halafu wakabandika orodha.

Ilikuwa Jumatatu, wiki moja kabla ya mitihani ya muhula. Ubao wa matangazo uko nje ya ofisi ya taaluma, watu walijaa. Nilijipenyeza nikiwa natabasamu, kwa sababu kiongozi anatakiwa kusoma matangazo awasomee wengine. Majina ya wasioruhusiwa kufanya mtihani yalikuwa matatu. Wawili tuliwajua, waliacha wenyewe tangu mwanzo. La tatu lilikuwa lake. Mbele ya jina kuna safu ya maelezo, na kwenye safu hiyo waliandika: *Ameacha masomo. Ameolewa. (Taarifa ya CR.)*

Mtu mmoja nyuma yangu akasoma kwa sauti, akasema, "Kumbe ilikuwa kweli!"

Nilirudi darasani nikaimalizia barua ile pale pale. Na hapo nikafanya ujinga mwingine. Niliweka tarehe ya ile Jumapili.

Mkufunzi nilimkuta anamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, CR. Karibu, kaa." Sikukaa. Nikampa barua kwa mikono miwili. Aliisoma yote bila haraka. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya tarehe, na wino ukamfuata kidole.

"Hii umeandika lini?"

"Siku nyingi kidogo, mwalimu."

Akanionesha kidole chake.

Nikaanza kulia na kuongea kwa pamoja. Nikamwambia mama yake amepooza, yeye ndiye anamuuguza, ile habari ya kuolewa ilikuwa utani, mimi Mnyiramba yeye Mnyaturu, ndivyo tulivyo.

"Utani naujua," akasema. "Nilipomzika baba yangu, mtani wangu aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Nilikuwa na majonzi, lakini nilicheka, na kuku nikatoa. Kwa hiyo usinifundishe utani. Niambie kitu kimoja tu. Siku ile ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Basi."

Akanywa uji kidogo. Hakuwa na hasira, ndicho kilichoniumiza. Angenifokea ningepata pa kujishikiza. "Uliyosema niliyaandika, tena kwa nyekundu. Taaluma wakasoma nilichoandika. Kamati ikakaa. Sasa niende niwaambie kiongozi wa darasa alikuwa anatania? Na ushahidi wake uwe barua hii yenye wino mbichi?" Akafikiri. "Lete barua ya mtendaji wa kijiji chao, na karatasi ya zahanati inayoonesha mama anaumwa. Kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ukileta, nitaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, na nitawaomba."

Nilitoka pale nina matumaini, mimi ni mtu wa matumaini mepesi. Nikasema kwanza niwachukue wenzangu wachache, twende taaluma kama darasa, tuseme wote tulijua ni utani. Nilisimama mbele nikawaeleza kila kitu, hata habari ya barua iliyolala kwenye daftari. Niliponyamaza walikuwa wanaangalia simu zao. Mitihani ilikuwa imekaribia, kila mtu na notsi zake.

Kijana mmoja wa mbele, mpole kabisa, ndiye alinijibu. "CR, usinielewe vibaya. Wewe ndiye uliyeongea. Sisi tulicheka tu."

Na dada mmoja akasema, "Tena usikute kaolewa kweli. Huyo mama mgonjwa wewe umemuona?"

"Sijamuona."

"Eeh, sasa je?"

Uongo wangu ulikuwa umekomaa umekuwa mtu mzima, unatembea wenyewe, na mimi nikiukataa naonekana ndiye ninayedanganya.

Alhamisi nilikwenda Mtinko. Nilikuwa nampigia simu tangu Jumatatu, haipatikani. Nikashuka kwenye mnada, nikauliza, nikaelekezwa, nikatembea kama saa nzima kati ya mashamba ya alizeti ambayo yalikuwa yameshakauka, vichwa vyote vinatazama chini. Nyumbani kwao nilimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinarukia kwenye turubai. Kuku wanasogea, anawafukuza kwa mguu bila kuangalia.

Nikapiga magoti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Unatoka wapi, binti?"

"Chuoni, baba. Nasoma na binti yako. Mimi ndiye kiongozi wa darasa lao."

Fimbo ikasimama. "Aa. Kumbe ndiye wewe."

Akanionesha gunia nikae. Nikakaa. Akaendelea kupiga alizeti kidogo, kama anatafuta pa kuanzia.

"Walinipigia simu kutoka huko kwenu. Mwanamke, sauti ya upole tu. Ananiuliza, mzee, ni kweli umemuoza binti yako akiwa masomoni? Mke wangu yuko ndani hajui mkono wake mwenyewe uko wapi, na mimi naulizwa nimepokea ng'ombe wangapi. Nikakata simu."

"Baba, nisamehe. Ulikuwa utani. Mimi ni Mnyiramba."

"Najua we Mnyiramba, nimekusikia unavyoongea." Karibu acheke, nikaona mdomo umetaka. "Watani wangu wa kwenu ni wengi, wengine wameniita mwizi mbele ya mkwe wangu. Lakini mtani anakutukana ukiwepo. Unamsikia, unamjibu, anakushinda au unamshinda, mnakula. Mwanangu alikuwepo?"

"Hakuwepo, baba."

"Mimi nilikuwepo?"

"Hapana."

"Sasa huyo wa kujibu alikuwa nani?"

Nilikaa na swali lile kwenye gunia. Kitu kidogo namna hiyo, tena nilikijua tangu mtoto, na sikuwa nimekiona. Nilimtania mtu asiyekuwepo. Utani wa hivyo hauna mwenyewe, kila anayeuokota anaondoka nao.

Nikamwomba barua ya mtendaji. Nikamwambia nitaenda mwenyewe kumtafuta, yeye aseme tu neno. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mtendaji nikamwambie nini? Aniandikie kwamba sijauza mtoto wangu? Kijiji kizima kitauliza kilichonipeleka ofisini. Hapana, binti. Mimi sibishani na chuo. Wamesema ameolewa, basi ameolewa. Na mama yake atageuzwa na nani? Akae."

"Baba, ni mwaka mmoja tu umebaki..."

"Akae," akasema, na fimbo ikaanza tena.

Rafiki yangu alikuwa ndani. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya dawa ya kuchua. Alikuwa ameinama juu ya kitanda, mikono chini ya mgongo wa mama yake, anahesabu kimoyomoyo ili amgeuze. Amekonda. Alivaa ile fulana ya chuo tuliyoshonewa kwa ajili ya michezo, imechafuka majivu. Nikasema, "Hodi, mtani."

Akageuka.

"Karibu, kiongozi," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikaenda upande wa pili wa kitanda nikashika bega la mama, tukamgeuza pamoja. Mama aliniangalia kwa jicho moja lililo zima, akatoa sauti. Binti yake akamjibu kwa Kinyaturu, nikaelewa neno moja moja tu, kwamba mimi ni mtu wa shule.

Tukatoka nje jikoni, sufuria iko mafigani. Simu yake, kumbe, baba aliichukua baada ya kupigiwa na chuo. Alikuwa anakoleza moto, hanitazami.

"Ile barua," akasema. "Ulipeleka?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na risala nyingine kichwani, na hii ilikuwa nzuri kuliko ya mgeni, na yote ikapotea.

"Sikupeleka. Ilikuwa kwenye daftari."

"Uliniambia iko ofisini."

"Ndiyo."

Akakwangua kuni moja kwa kucha, akaisukuma motoni. Nilisubiri anitukane. Nilitaka aniambie kalamu yangu imeteleza kwa mlenda, aniambie nipakiwe kwenye lori, aniambie chochote cha zamani. Nikamchokoza mwenyewe, Mungu anisamehe. Nikasema, "Mtani, sema hata neno moja. Wanyaturu mmeanza lini kukosa maneno?"

Akanitazama. Hakuwa amekasirika. Ni kama mtu unayemuuliza njia naye ni mgeni.

"Nashukuru kwa kuja, kiongozi," akasema. "Maji yamechemka, nikamwogeshe mama."

Kwetu, mtu akiacha kukutania hakuna baraza la kwenda kukata rufaa.

Kwa mtendaji nilikwenda hata hivyo. Ofisi ilikuwa imefungwa, mama aliyekuwa anauza nyanya pale nje akasema ameitwa kikao wilayani, labda kesho, labda Jumatatu. Zahanati wakaniambia karatasi ya mgonjwa anapewa ndugu yake, wewe ni nani yake? Nikasema rafiki. Muuguzi akasema kwa huruma kabisa, "Basi mwambie ndugu aje."

Ijumaa saa sita nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya mkufunzi bila karatasi yoyote. Alitoka, akaona mikono yangu mitupu, akatikisa kichwa, akaniambia pole. Halafu akakumbuka kitu, akarudi ndani akaniletea karatasi ya alama za somo la uongozi nikaibandike darasani. Nilikuwa wa pili. Mbele ya jina langu aliandika kwa kijani: *Ana ushirikiano na wenzake.* Alikuwa amezijaza kabla ya haya yote. Niliibandika, wenzangu wakanipongeza, mmoja akanikumbatia. Yule kijana mpole akasema, "Usijilaumu sana, CR. Mambo hutokea." Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu ya kitu kingine.

Mchana ule nilipanga chumba cha mtihani, maana hiyo ni kazi ya CR. Meza zinapangwa kwa mistari, na kila meza inabandikwa kikaratasi cha jina na namba. Majina niliyaandika mwenyewe wiki mbili nyuma, wakati nilipokuwa bado nafurahia mwandiko wangu, na la kwake lilikuwemo. Wenzangu walisaidia kuingiza meza wakaenda kula. Nilibandika vyote. Mkono wangu ulibandika na cha kwake, mstari wa tatu, meza ya pili kutoka mbele. Sikufanya makusudi. Au nilifanya, sijui.

Mama wa taaluma akapita kukagua, ana orodha mkononi. Akatembea mstari kwa mstari. Alipofika pale akasimama, akagusa kikaratasi kwa ncha ya kidole.

"Huyu si ndiye yule aliyeolewa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesimama, tena peke yetu, hakuna wa kucheka. Nikasema, "Hajaolewa, madam. Anauguza mama yake."

"Haya, Mungu amjalie," akasema, na nilijua amesikia maneno tu. "Toa hiyo meza. Na usiache pengo, wasimamizi hawapendi pengo."

Akaondoka, viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido.

Gundi ilikuwa imeshashika. Nikajaribu kukibandua kikaratasi kwa kucha, kikachanika katikati ya jina. Nikalowanisha kidole kwa mate nikasugua, polepole, mpaka herufi zikawa ukungu na karatasi ikawa vinyuzi, nikavikusanya vyote kwenye kiganja nikavitia mfukoni. Meza nikaibeba kifuani, nikaitoa nje, nikaigeuzia ukutani kwenye baraza. Nikarudi. Nyuma ya nafasi yake kulikuwa na meza nne. Nikaishika ya kwanza nikaiburuta mbele, nikaiweka sawa na zile za pembeni. Nikashika ya pili. Nikashika ya tatu. Ya nne ilikuwa yangu. Nikaiburuta na yenyewe, nikafunga pengo.